Kwa nini muziki wangu haukai tena kwenye simu

Kuna wimbo ambao marehemu kaka yangu aliupenda mno. Katikati yake ala zote zinanyamaza, linabaki gitaa la besi peke yake kwa muda wa kama pumzi mbili, halafu waitikiaji wanaingia kwa pamoja. Jioni moja nilikuwa nimezima taa, spika ziko masikioni, napasubiri pale pale. Besi ikabaki peke yake. Mara simu ikaushusha wimbo sauti, ikalia: habari mpya. Nikaifungua, nikasoma, nikaingia na nyingine iliyokuwa chini yake. Nilipokuja kushtuka, wimbo ulishakwisha na mwingine nisioujua ulikuwa unaendelea.

Iliniuma sana. Miaka yote nilijilaumu kwamba sina nidhamu, lakini usiku ule nikaona kosa liko mahali pengine. Muziki unataka ukae nao mpaka mwisho. Habari, kwa namna zinavyoletwa siku hizi, zinataka uache unachofanya sasa hivi. Ukiviweka viwili hivi kwenye kifaa kimoja, habari ndizo zitakazoshinda kila siku, maana ndizo zilizopewa ruhusa ya kukatiza. Basi ushauri wangu ni huu: vitenganishe.

Mimi nilikwenda kukifukua kicheza muziki changu cha zamani kwenye droo. Vifaa vya aina hii vilikuwa na enzi yake: iPod ya kwanza ilitangazwa Oktoba 2001 ikiwa na GB 5, nafasi ya nyimbo kama 1,000, na Mei 2022 Apple ikatangaza kwamba haitengenezi tena iPod. Changu betri ilikuwa imekufa, kwa sababu nilikiweka kikiwa kimeisha chaji kabisa. Kama una kifaa utakachokiacha kwa miezi, kiache na chaji ya kama nusu. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikikaa tupu, na kukaa zimejaa pomoni hakuzifai pia. Fundi alinibadilishia betri, na hadi leo kinafanya kazi. Usipokuwa nacho, chukua simu uliyoacha kuitumia, toa laini, zima intaneti, futa kila programu isiyo ya muziki. Inatosha kabisa.

Nafasi isikutie hofu. Faili la MP3 la ubora wa juu, kilobiti 320 kwa sekunde, hula MB 2.4 hivi kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 hauzidi MB 10, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba nyimbo zaidi ya 3,000. Ni muziki wa zaidi ya saa 200.

Hapa kwenye mafaili nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Ukilipia huduma ya kusikiliza mtandaoni, unalipia ruhusa ya kusikiliza. Wimbo wenyewe si wako. Mimi nilifungua orodha yangu siku moja nikakuta albamu nzima imefifia na kuwa ya kijivu, haichezi, na hakuna aliyeniambia sababu. Wala usidhani kupandisha kazi yako mtandaoni ndiko kuihifadhi. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii ambako wanamuziki wengi walipandisha nyimbo zao, ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopandishwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya hapo huenda zisipatikane tena, baada ya hitilafu katika kuhamisha seva. Nawafikiria wanamuziki wachanga ambao nakala yao pekee ilikuwa pale.

Kwa hiyo nyimbo usizotaka kuzipoteza, zinunue kama mafaili pale mwanamuziki anapolipwa, au zinakili kutoka kwenye CD zako. Weka nakala mbili, moja kwenye diski ya nje, nyingine mbali na nyumba yako. Kisha jaza jina la msanii, albamu na mwaka ndani ya kila faili. Ni kazi ya kuchosha, sikufichi. Nilikuwa na mafaili arobaini na kitu yaliyoitwa tu "Wimbo 01", "Wimbo 02", na ilinibidi niyasikilize moja baada ya jingine kwa jioni tatu. Lakini katika kuyasikiliza hayo niliupata tena ule wimbo wa kaka, katika rekodi ambayo sikumbuki hata niliitoa wapi.

Habari nazo sikuziacha, na sikushauri uziache. Nilichofanya ni kuzima arifa zote, nikabakiza za dharura peke yake. Nimechagua vyombo sita ninavyoviamini, navisoma asubuhi na jioni kwa RSS, yaani njia inayokusanya vichwa vya habari vya tovuti unazozichagua mahali pamoja. Google Reader, huduma ya Google ya kusomea RSS, ilipofungwa Julai 1, 2013 wengi walidhani RSS imekufa nayo, kumbe tovuti nyingi za habari bado zinayo, na podikasti hadi leo husambazwa kwa njia hiyo hiyo. Unaona vichwa vya habari kwa mpangilio wa muda, unafika mwisho, unafunga.

Kuna faida nyingine sikuitegemea. Zamani niliwahi kupata arifa ya habari nzito, nikawatumia watu wa nyumbani papo hapo. Jioni nikaisoma taarifa ile ile kwenye tovuti ya chombo kilichoitoa: imebadilishwa, na aya moja chini inaeleza kwamba maelezo ya awali yalikuwa na makosa. Arifa ya kwanza ililia kwenye simu yangu, marekebisho hayakulia. Ilinibidi nimpigie shangazi nimwombe radhi, maana alishakosa usingizi wa mchana kwa wasiwasi. Anayesoma jioni hukuta habari imeshatulia, imepata majina, saa na sababu. Ukiona jambo zito, tazama saa ya mwisho iliyohaririwa kabla hujamtumia mtu.

Juzi niliuweka wimbo wa kaka kwenye kile kicheza muziki, nikazima taa. Besi ikabaki peke yake. Na kabla waitikiaji hawajaingia, nikasikia mmoja wao akivuta pumzi karibu kabisa na maikrofoni. Nimeusikiliza wimbo huu zaidi ya miaka ishirini, na pumzi ile sikuwahi kuisikia.