Jedwali Pana Lisipoenea kwenye Ukurasa wa Nukta Nundu

SWALI: Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari ambamo wanafunzi wasioona husoma pamoja na wenzao wanaoona. Niliandaa jedwali la wastani wa mvua wa miezi 12 kwa miji ya Dodoma, Mwanza, Tanga, Mbeya na Bukoba. Lilipochapwa kwa nukta nundu, kila mstari ulikatika na kuendelea chini, na mwanafunzi wangu hodari akanijibu kwamba Dodoma hupata mvua nyingi mwezi wa Julai. Nimejaribu kuulaza ukurasa bila mafanikio. Nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, naomba usimkate alama mwanafunzi huyo, kwa kuwa alisoma sawasawa kile ambacho vidole vyake vilikikuta. Anayeona hulitazama jedwali zima kwa mara moja. Anayesoma kwa vidole hukutana na tarakimu moja baada ya nyingine, na mstari ukikatika hana namna ya kujua tarakimu iliyoshuka chini ni ya mwezi gani.

Ukurasa wa kawaida wa nukta nundu una mistari 25, na kila mstari una seli zipatazo 40, yaani nafasi za herufi au alama moja moja, wala maandishi hayawezi kupunguzwa ukubwa, maana nukta zikisongamana kidole hakizitofautishi. Kuulaza ukurasa hakusaidii kwa sababu karatasi yenyewe inakaribia kuwa mraba. Sasa tuhesabu. Jina la mji pamoja na alama ya herufi kubwa huchukua seli 7. Kiasi cha mvua chenye tarakimu tatu huchukua seli 4, kwani lazima kitanguliwe na alama ya tarakimu, la sivyo 1 itasomwa kama herufi a. Ukiacha seli 2 kabla ya kila safu wima, miezi 12 inakufikisha seli 79.

Ligeuze jedwali lenyewe: miezi ishuke upande wa kushoto, miji ikae juu. Vifupisho vya Jan, Feb, Mac hadi Des vina herufi tatu tatu, yaani seli 4 pamoja na alama ya herufi kubwa, na miji mitano inahitaji seli 30; jumla 34. Miji iandikwe Do, Mw, Ta, Mb na Bu, na ufunguo wa vifupisho hivyo utangulie jedwali, kwa sababu msomaji akiukuta mwishoni atakuwa amekwisha kupotea. Neno milimita liandikwe mara moja tu, chini ya kichwa. Kwa hesabu yangu, kichwa, kipimo, ufunguo na jedwali vinatumia mistari 22, kwa hiyo vyote vitakaa ukurasa mmoja.

Nafasi isiyo na takwimu usiiache wazi, bali weka vistari, kwani kidole kikikuta utupu huteleza hadi safu ya jirani. Sifuri ya Dodoma mwezi wa Julai ni takwimu kamili na iandikwe.

Miji ikiwa kumi, ligawe jedwali sehemu mbili na urudie miezi katika kila sehemu. Visanduku vikiwa na maelezo marefu badala ya tarakimu, acha jedwali na uandike orodha.

Kabla ya kugawa nakala, mwombe mwanafunzi huyo huyo akutafutie mvua ya Bukoba mwezi wa Aprili, nawe utazame mikono yake: wa kushoto ukitulia kwenye mwezi huku wa kulia ukienda moja kwa moja hadi safu ya mwisho, nakala iko tayari.