Mwaka Unajulikana kwa Snea: Maswali Yenu Kuhusu Pop ya Miaka ya 1980

Toleo lililopita tuligusia pop ya Marekani na Uingereza ya miaka ya 1980, na barua zikamiminika. Tumejibu hizi, kuanzia inayouliza sababu hadi zinazohusu kazi ya studio.

Ndugu wahariri, nina albamu mbili za pop, moja ya 1980 na nyingine ya 1989. Ukizisikiliza utadhani zimepishana miaka thelathini. Je, ladha ya watu ilibadilika ghafla kiasi hicho?

Ladha hubadilika, lakini haina mbio hizo. Kilichokwenda mbio ni vifaa, pamoja na njia ya kuufikisha wimbo kwa msikilizaji.

Albamu yako ya 1980 huenda bado ina kikosi cha violini, mpiga dramu aliyekaa kitini na kinanda cha umeme cha kizamani. Mwaka huohuo Roger Linn alitoa LM-1, mashine ya kwanza ya midundo iliyobeba sauti za dramu halisi zilizorekodiwa kidijitali, na Roland ikatoa TR-808, ambayo sauti zake zilizalishwa na saketi tupu. Mapema 1983 ikaja MIDI: waya mmoja wa pini tano, chaneli 16, na kinanda cha kampuni moja kikaweza kuendesha mashine ya kampuni nyingine. Tangu hapo mtu mmoja aliweza kupanga besi, midundo na kodi (noti zinazopigwa pamoja) bila kuita bendi.

Mwaka huo wa 1983 Yamaha ikaleta DX7. Hapa tukae kidogo, kwa sababu kinanda hiki kinaeleza mengi. Kilipiga noti 16 kwa wakati mmoja na kilizalisha sauti kwa njia ambayo wanamuziki wengi hawakuizoea: jenereta sita kwa kila noti, zikichanganyana kwa mipangilio 32. Kuunda sauti mpya kulikuwa adha, maana ulibonyeza vitufe bapa huku ukikodolea macho kidirisha chenye mistari miwili ya maandishi. Matokeo yake wengi walitumia sauti zilizokuja nacho kutoka kiwandani. Ndiyo maana kile kinanda chenye mlio wa kengele unakikuta kwenye nyimbo taratibu za waimbaji wasio na uhusiano wowote, hasa kati ya 1984 na 1987. Si kwamba waliigana. Walinunua kitu kimoja.

Upande wa njia, MTV, kituo cha televisheni cha video za muziki cha Marekani, ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981, na ilihitaji video nyingi kuliko zilizokuwepo. Bendi za Uingereza zilikuwa na mazoea ya kutengeneza video, hivyo zikapata nafasi ambayo redio za Marekani zisingewapa upesi. Wimbo wa The Human League, "Don't You Want Me", ulishika namba moja Uingereza Desemba 1981, na Marekani Julai 1982. Hapo sinthesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, ikawa imeingia sebuleni.

Mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha uchambuzi wa kompyuta wa nyimbo zipatazo 17,000 za chati ya Marekani, za kuanzia 1960 hadi 2010. Waliona mabadiliko makubwa matatu: 1964, 1983 na 1991. Hakuna hata moja lililosubiri mwaka unaoishia na sifuri. Kwa hiyo albamu zako mbili zimekaa kila moja upande wake wa mpaka wa 1983, na ile ya 1989 imeanza kuunusa mpaka wa 1991.

Naweza kukisia mwaka wa wimbo kwa kusikiliza tu? Rafiki yangu anafanya hivyo na mimi nabaki nimeduwaa.

Unaweza, mradi uanze na snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, na umwache mwimbaji mwisho. Waimbaji hubadilika polepole, lakini snea ya pop haikudumu miaka mitatu bila kuguswa.

Ikiwa snea ni kavu na fupi, imezibwa kwa kitambaa, na besi inapigwa kwa vidole, uko 1980 au 1981. Ukisikia makofi ya mashine, besi ya sinthesaiza isiyotetereka na mdundo ulionyooka kama rula, fikiria 1982 na 1983. Snea ikilipuka kana kwamba imepigwa ndani ya ghala kisha ghafla kimya, huku kinanda cha kengele kikilia juu yake, uko katikati ya muongo, 1984 hadi 1986. Saksafoni ikitoa solo kabla ya kiitikio cha mwisho, na kiitikio chenyewe kikapanda ufunguo, dau lako limezidi kuwa salama. Kuanzia 1987 sikiliza haihati, yale matoazi mawili ya kukanyagwa: zikianza kuchechemea kwa makusudi, na vipande vya rekodi za zamani vikirudiwarudiwa, umefika mwisho wa muongo.

Mtego mkubwa ni matoleo mapya. Nyimbo nyingi za wakati ule zimesafishwa upya na kupandishwa sauti, nyingine zimerekodiwa upya kabisa na mwimbaji yuleyule. Usipime umri kwa ukubwa wa sauti. Tazama mwaka ulioandikwa kando ya herufi P iliyozungushiwa duara. Huo unahusu rekodi yenyewe. Ule wa herufi C unahusu jalada na maandishi.

Natengeneza wimbo wenye ladha ya 1985 kwenye kompyuta. Nimeweka mwangwi mkubwa kwenye snea lakini yote imekuwa tope. Nakosea wapi?

Unaacha mwangwi ufe wenyewe. Siri ya snea ile ni kuukata. Ilianzia Townhouse, studio ya London, mwaka 1979, wakati Peter Gabriel akirekodi albamu yake ya tatu na Phil Collins yuko kwenye dramu. Fundi Hugh Padgham alifungua maikrofoni ya mawasiliano ya deski la kuchanganyia sauti la kampuni ya SSL, ambayo ilikuwa na kompresa kali (kifaa kinachobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ili sauti ya kila aliyemo chumbani isikike. Dramu zilipopita humo zikavimba. Akaongeza geti (kifaa kinachofungulia sauti na kuizima) la kuzikata. Collins aliirudia sauti hiyo kwenye wimbo wake uliotoka 1981, "In the Air Tonight", na baada ya hapo kila mtu akaitaka.

Wewe fanya hivi. Tuma snea kwenye chaneli ya pembeni yenye mwangwi wa chumba kikubwa, sekunde 2 hivi, bila kuchelewesha mwanzo wake. Mwangwi uwe asilimia 100 kwenye chaneli hiyo, usichanganye na snea kavu. Fuatisha kompresa ya uwiano wa 8:1 au zaidi, ishushe desibeli 10 bila huruma. Mwisho weka geti, na hapa ndipo wengi hukwama: geti lifunguliwe na snea kavu, si na mwangwi wenyewe. Ukiliacha lisikilize mwangwi, litafunguka na kufunga kwa kusitasita, na mkia utasikika umechanika.

Muda wa kubaki wazi uupate kwa hesabu. Gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo. Kwenye mapigo 112 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 536 na nusu yake 268. Geti likikaa wazi milisekunde 220 na kufunga kwa 30, mkia unakwisha kabla ya nusu pigo inayofuata, na haihati inapata hewa. Ukizidisha hadi 400, lile tope linarudi. Ukipunguza chini ya 120 utasikia kofi tu.

Ikiwa unatumia dramu za kupigwa kwa mkono, haihati itapenya kwenye maikrofoni ya snea na kulifungua geti ovyo. Kwenye ile albamu ya Gabriel matoazi hayakupigwa kabisa. Kama huwezi kuyaacha, yarekodi peke yake baadaye. Na kata besi ya mwangwi chini ya hezi 200, la sivyo kiki (dramu kubwa ya mguu) itazama.

Nyimbo za R&B za 1988 zina mchechemeo mtamu sana. Nikiwasha "swing" kwenye programu yangu, wimbo unachechemea kama mlevi. Kwa nini?

Mara nyingi mchechemeo umewekwa kwenye noti zisizohusika. Mtindo wa Teddy Riley, aliyetengeneza nyimbo za albamu ya kwanza ya Keith Sweat (1987), kisha za kundi lake Guy (1988), unachechemesha noti za kumi na sita tu (nne kwa kila pigo). Programu ikichechemesha noti za nane (mbili kwa kila pigo), hapo ndipo ulevi unapoanzia. Chagua 1/16, kisha asilimia 58 hadi 64. Asilimia 50 ni mstari ulionyooka, 66 ni utatu kamili. Kasi iwe kati ya 100 na 112. Snea ibaki palepale kwenye pigo la pili na la nne. Haihati na kiki ndogondogo ndizo zicheze. Besi nayo ifuate asilimia ileile, maana besi iliyonyooka chini ya haihati inayochechemea ndiyo kosa tunaloletewa zaidi.

Nyimbo za wakati huo zina pia ukavu wenye chembechembe: SP-1200, mashine ya kurekodi na kupiga sampuli (vipande vifupi vya sauti) iliyotoka 1987, ilihifadhi sekunde 10 tu za sampuli, kwa biti 12 na takriban kilohezi 26. Watengenezaji wa nyimbo walicheza santuri ya kasi 33 kwa kasi 45, wakairekodi, kisha wakaishusha ndani ya mashine. Sekunde 2.7 za santuri zikatosha kwenye sekunde 2 za kumbukumbu. Gharama yake ni sauti za juu kuchakaa, na huo uchakavu ndio unaoupenda. Plagini ya kupunguza biti peke yake haitoshi; pandisha kasi ya sampuli kwanza, rekodi, ndipo uishushe.

Tahadhari: Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua kuwa kutumia kipande cha rekodi ya mtu bila ruhusa ni kuvunja sheria. Tangu hapo albamu zilizobandikwa vipande kwa makumi zikawa ghali mno kutengeneza. Omba ruhusa kabla ya kutoa wimbo, si baada.

Naandaa saa moja ya redio kutoka 1980 hadi 1989. Nyimbo za mwanzo zinasikika dhaifu kuliko za mwisho. Nizipandishe?

Usizipandishe, shusha zile kubwa. Tatizo huenda halitokani na miaka bali na diski: moja ni ya toleo la kwanza, nyingine ni toleo lililosafishwa miaka ya 1990 au baadaye, na tofauti inaweza kufika desibeli 8. Pima kila wimbo mzima kwa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), usitazame kilele, kisha uweke zote kwenye -16. Ukizisukuma dhaifu kwa limita (kifaa kinachozuia vilele vya sauti), zile snea tulizozisema hapo juu zitapondeka.

Nyimbo 12 zinatosha saa moja yenye maongezi. Utangulizi wa nyimbo zilizovuma katikati ya muongo ule kwa wastani ulizidi sekunde 20, hivyo una nafasi ya kuzungumza juu yake. Usiizoee, kufikia 2015 wastani ulikuwa umeshuka hadi sekunde 5 hivi.

Je, pop ya miaka ya 2010 nayo ilijigeuza vilevile?

Ndiyo, na tena njia ya kuhesabu ilichangia. Februari 2013 jarida la Billboard lilianza kuhesabu YouTube kwenye Hot 100, chati yake ya nyimbo za Marekani, na Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30. Muongo ulioanza ukitawaliwa na midundo ya klabu ya mapigo 128 uliishia na haihati za trap (tawi la hip hop) na kasi ya chini. Wanaotaka maelezo ya haihati hizo watuandikie wakitaja programu wanayotumia, maana hatua zinatofautiana.