PSA yangu imetoka 0.01 hadi 0.03: je, saratani ya tezi dume imerudi?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 66, naishi Morogoro. Mwaka jana niliondolewa tezi dume yote kwa sababu ya saratani. Ripoti ya kinyama ilionyesha alama ya Gleason, yaani kipimo cha ukali wa saratani, ni 7, na kingo za kinyama kilichotolewa zilikuwa safi, hazina saratani. PSA, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, baada ya upasuaji ilikuwa 0.01, kisha chini ya 0.01, kisha 0.01. Ya juzi nilipima maabara nyingine iliyo jirani ili kuepuka safari, ikaja 0.03. Tangu siku hiyo silali. Kiuno kikivuta tu nasema ndiyo hiyo imeshafika kwenye mifupa. Nataka nianze kupima kila mwezi. Mke wangu sijamwambia. Je, imerudi? Na hofu hii naiondoaje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: 0.03 peke yake haisemi kwamba saratani imerudi. Kwa mtu aliyeondolewa tezi dume yote, tunasema imejirudia kwa kipimo cha damu PSA inapofika nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha. Namba yako ingelazimika kuongezeka karibu mara saba ndipo ufike hapo.

Sasa hiyo 0.03 imetoka wapi? Mashine za siku hizi zinasoma viwango vidogo mno, na kule chini kabisa kila mashine ina mtikisiko wake. Damu ya mkono mmoja, ikigawanywa na kupelekwa maabara mbili, inaweza kurudi na 0.01 huku na 0.03 kule. Wewe ulibadilisha maabara. Kwa hiyo una namba tatu za mahali pamoja na moja ya pengine, na hiyo ya nne haiwezi kuungwa kwenye mstari wa zile tatu. Sisemi tuipuuze. Rudia baada ya miezi mitatu, maabara ile ya mwanzo. Ikionekana imepanda, na kipimo kinachofuata kikapanda tena, daktari wako atakuita mapema hata kabla ya 0.2. Tunachofuata ni mwendo wa namba, kipimo baada ya kipimo.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya wagonjwa wangu karibu kila kliniki. La kwanza ni karatasi ya majibu yenyewe: pembeni imeandikwa kuwa kiwango cha kawaida ni 0 hadi 4. Hicho ni cha mwanaume mwenye tezi dume. Kwako wewe usiyenayo hakina maana, hivyo usikitumie kujifariji wala kujitisha. La pili ni rafiki wa kijiweni anayesema, "Mimi nilifanyiwa upasuaji wa tezi na PSA yangu ni 2, nipo salama." Huyo huenda alikwanguliwa tezi iliyovimba tu, sehemu yake ikabaki, na tezi iliyobaki inaendelea kutengeneza PSA. Upasuaji wake si wako. Msilinganishe karatasi.

Hofu yako, nikiisoma vizuri, haiko kwenye 0.03. Iko kwenye swali ambalo hukuliandika: ikirudi kweli, itakuwaje? Wengi huliepuka swali hili, nalo hukua usiku. Tulijibu. Ikithibitika, hatua inayofuata mara nyingi ni mionzi kwenye eneo ilipokuwa tezi, kwa wengine pamoja na dawa za homoni, yaani za kuzima homoni ya kiume. Mionzi hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza PSA ikiwa bado ndogo, chini ya 0.5, na ndiyo sababu tunapima hata mtu akiwa hana dalili yoyote. Nchini huduma ya mionzi ipo hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na ya Bugando, Mwanza. Na wapo ambao saratani huondoka moja kwa moja kwa mionzi hiyo.

Utauliza, kwa nini basi wasinipige mionzi sasa hivi tumalize? Swali hilo limechunguzwa. Utafiti uitwao RADICALS, uliotoa matokeo yake mwaka 2020, uliwalinganisha wanaume waliopewa mionzi mara baada ya upasuaji na wale waliofuatiliwa PSA, wakapewa mionzi pale tu ilipopanda. Kwa miaka mitano, ugonjwa ulidhibitiwa karibu sawa pande zote mbili, na waliosubiri walipata shida za mkojo chache kuliko wenzao. Kusubiri kwako ni sehemu ya matibabu.

Kuna na hili la miaka. Mwaka 1999 madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, walitoa taarifa ya wanaume karibu 2,000 waliofanyiwa upasuaji kama wako. Asilimia 15 hivi ya wanaume hao ndio PSA yao ilipanda. Hao hawakupewa dawa za homoni mapema, na katika muda wa ufuatiliaji karibu theluthi moja yao ndio saratani ilisambaa. Kwa wale ambao saratani ilisambaa, muda wa kati tangu PSA ipande hadi isambae ulikuwa miaka 8. Nakutajia hesabu hii kwa sababu moyo ulioshtuka hupima kwa siku, ilhali ugonjwa huu mara nyingi hutembea kwa miaka.

Kiuno: saratani hii kufika kwenye mifupa huku PSA ikiwa 0.03 ni jambo la nadra sana. Kiuno cha mwalimu aliyesimama ubaoni miaka 30 kina sababu nyingine nyingi za kuuma. Lakini maumivu yasiyotulia hata ukilala, miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi, au mkojo kukataa kutoka ghafla, hayo uende hospitali siku hiyohiyo. Mkojo kuvuja na nguvu za kiume kupungua vinatokana na upasuaji, kwenye misuli na mishipa ya fahamu iliyopita karibu na tezi. Si dalili za saratani kurudi.

Kupima kila mwezi nakuomba usifanye. Nimeona wanaopima hivyo. Nafuu yao hudumu wiki moja, kisha hofu inarudi na kuomba kipimo kingine, na kadiri unavyopima ndivyo unavyokutana na mitikisiko ya mashine na kuidhania ugonjwa. Fuata ratiba ya daktari wako.

Siku za kabla ya kipimo ndizo ngumu, kwa hiyo zipange kama ulivyokuwa ukipanga wiki ya mitihani. Toa damu mapema katika wiki ili majibu yasikukute Ijumaa jioni wakati daktari hayupo. Waambie maabara wasikutumie majibu kwa simu. Uyapokee mchana, mbele ya mtu wa kukueleza. Hofu nayo itengee muda: nusu saa kila alasiri, daftari na kalamu, uandike kila unachokiogopa. Ikikujia saa nane usiku, iambie zamu yake ni kesho alasiri. Mwanzoni itakataa. Baada ya wiki mbili tatu wengi huona inaanza kutii. Kifua kikibana, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, itoe taratibu kwa kuhesabu hadi sita, dakika tano. Tembea kila asubuhi. Sala zako ziendelee. Dawa za mitishamba au vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi usitumie kabla ya kumwambia daktari, kwani biotini inaweza kuvuruga majibu ya PSA.

Mama naye, mwambie. Anayelala pembeni yako anajua kuwa hulali. Asichojua ni sababu, na huenda anawaza jambo baya kuliko 0.03. Huna haja ya hotuba. Mwonyeshe karatasi, umsomee jibu hili.

Na kama wiki mbili zikipita bado hulali, chakula hakina ladha, hutaki kuonana na watu, au unawaza kwamba heri kufa, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ukaulizie kitengo cha afya ya akili. Mazungumzo na mtaalamu, na dawa pale inapobidi, husaidia sana, na mwambie daktari wako wa upasuaji kuwa umeanza.

Kipimo kijacho, basi: miezi mitatu kutoka kile cha juzi, maabara ya mwanzo, Jumatatu asubuhi, na mama awe ameketi pembeni yako kwenye benchi.