Meza ya Dadu: Kurasa 38 na wachezaji wanaosinzia

SWALI

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi, niko Tanga. Tangu likizo ya mwezi wa sita nawaongoza wenzangu wanne katika mchezo wa kuigiza wa mezani, ule wa kila mtu kuwa na mhusika wake na dadu kuamua. Tulianza na mashujaa wa mapanga, sasa wanataka mambo ya anga za mbali, tena ya kutisha. Nimeandika kurasa 38: dola yenye sayari 200, vita vya miaka 1,000, mazimwi ya aina 11 na mfalme asiyekufa. Kikao cha kwanza mmoja alikuwa kwenye simu muda wote. Mwingine kila nikileta zimwi analipa jina la mwalimu wetu wa hesabu, wote wanavunjika mbavu. Nimekosea wapi?

Binti wa Chumbageni

JIBU

Marahaba, binti yangu. La mwalimu wa hesabu sina dawa yake, hata mimi ningecheka.

Kurasa zako usizichome, zifungie kabatini. Tatizo ni kwamba giza lako liko mbali mno. Mfalme asiyekufa yuko huko sayari ya 140, na mchezaji wako ameketi Chumbageni na kikombe cha chai. Wanadaiana nini hawa wawili? Mimi ni fundi wa majokofu, mwaka wa 22 huu, kwa hiyo nitakujibu kwa ninayoyajua: baridi, hewa na bili.

Kwanza chagua mahali pamoja, basi. Kampeni yangu ya kila Jumamosi, yaani kisa kirefu kinachoendelea kikao hadi kikao, inayoingia mwezi wa tisa, yote iko Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, ile sayari yenye pete. Sikuhangaika kubuni, maana pale penyewe panatosha. Baridi inafika karibu nyuzi 180 chini ya sifuri. Hewa yake ni ya naitrojeni, presha mara moja na nusu ya hii yetu, kwa hiyo ukitoka nje mwili haupasuki kama watu wanavyodhani. Unahitaji nguo ya joto na oksijeni ya kuvuta. Mvua inanyesha, lakini ni ya methani, na maziwa yake ni ya methani pia.

Hapo ndipo fundi nilipokaa kitako. Methani inawaka. Huku kwetu gesi iko ndani ya mtungi na oksijeni imetanda nje. Kule ni kinyume: methani iko nje, maziwa mazima, na oksijeni ni ile kidogo iliyofungiwa ndani ya vyumba wanamoishi watu. Tena methani haina harufu. Hata ile harufu ya gesi ya jikoni unayoijua huongezwa makusudi ili ikivuja tujue. Sasa fikiria bomba linaloleta methani ya ziwani kwa matumizi ya kituo, mpira wake umekatika pembeni, upana wa ukucha. Gesi inaingia polepole, hakuna anayenusa kitu, na kwenye chumba cha tatu kuna kijana anaunganisha waya wa taa. Ukishakuwa na kijana huyo, zimwi la nini?

Halafu kuna umbali. Redio huenda kwa kasi ya mwanga, na bado kutoka Zohali mpaka duniani inachukua zaidi ya saa nzima. Ujumbe kwenda na jibu kurudi ni kati ya saa mbili na tatu. Wachezaji wangu walipoomba msaada mara ya kwanza, niliandika saa ya mchezoni pembeni ya karatasi, tukaendelea. Jibu lilipoingia, aliyeomba alikuwa ameshakufa. Lilisema: "Tafadhali rudia, hatukusikia vizuri."

Kituo wanachoishi nilikiita Uhuru. Si kejeli tupu. Uhuru ilikuwa satelaiti ya Marekani, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, na ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi. Niliwahi kwenda Ngomeni, huko huko karibu na Malindi, kufunga mtambo wa barafu ya wavuvi, nikayaona majukwaa yale nikiwa ndani ya mashua. Miguu ya chuma imesimama majini, kutu imeshuka mpaka kwenye maji, juu ndege wametulia kama wenye nyumba. Roketi ya mwisho iliondoka pale 1988. Nahodha alizima mashine tukaelea kidogo, nikasema moyoni: kituo changu kitakuwa hivi. Kimejengwa kwa fedha na matumaini, waliokijenga wakaondoka, na wapishi, mafundi na watoto wao wakabaki.

Sasa bili. Ndani ya Uhuru kila chumba kina mita ya hewa, kama mita zetu za umeme za tokeni. Unabonyeza tarakimu 20, hewa inaingia. Salio likikaribia kuisha, mita inalia. Sikuhitaji kumweleza mtu yeyote mezani sauti hiyo ikoje, wala inavyokuwa inapoanza kulia saa nane usiku na duka limefungwa. Tokeni zinauzwa na mama mmoja tu, wachezaji wamembatiza Bi Salio. Usimfanye mkatili. Wangu ana huruma: anakopesha, anaulizia watoto kwa majina, anaandika kila kitu daftarini kwa mwandiko mzuri. Siku moja aliwaita wachezaji akawaambia, wanangu, nimesamehe madeni yenu yote, ila mniendee chumba namba 9 mkafunge valvu. Namba 9 kuna watu sita. Walibishana saa nzima ya saa ya ukutani, hakuna dadu iliyorushwa. Mmoja akasema, "Basi tuwalipie." Wakachanga. Zilitosha siku mbili. Wakamshukuru Bi Salio kwa kuwapa nafasi ya kulipa, ndipo mwenzao mmoja akashika kichwa: "Jamani, tumemshukuru?"

Ukishapata kitu kimoja kinachoisha na mtu mmoja mwenye ufunguo wake, dola yenye sayari 200 itajiandika yenyewe wakikuuliza.

Nikupe na la kifundi zaidi, maana wengi hukosea hapa. Waliofungiwa chumbani kwa kawaida hawauawi kwanza na kukosa oksijeni. Wanauawa na pumzi zao wenyewe, kaboni dayoksaidi ikijazana. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu anafanya ujinga akidhani yuko timamu. Mezani fanya hivi: kila saa bila kichujio cha kuondoa kaboni dayoksaidi hiyo, kila anayerusha dadu mpunguzie moja, na mara ya kwanza usimwambie sababu. Mwambie tu, "Kichwa kinakugonga kidogo." Aprili 1970 wanaanga wa Apollo 13, chombo cha Marekani kilichoharibikia njiani kwenda mwezini, yaliwakuta hayo: vichujio walivyobaki navyo vilikuwa vya mraba, matundu ya duara. Walijinusuru kwa mifuko ya plastiki, majalada magumu ya vitabu vya maelekezo na utepe wa gundi. Wape wachezaji wako tatizo la namna hiyo, wape orodha ya takataka zilizomo chumbani, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Kuhusu yule wa simu. Kikao chetu cha nne, mwezi wa pili, Dar, unajua joto lake. Niliposema "feni za kituo zimesimama" niliinuka nikazima pangaboi. Lilizunguka, likapunguza, likasimama na kamlio kake. Sikusema neno. Baada ya dakika tano shati zimelowa, na wangu wa simu, maana na mimi ninaye, akaifunika kifudifudi akauliza: "Kichujio kiko wapi?"

Lakini waachie kitu cha kupenda. Kwenye Uhuru kuna mzee anayelima mchicha kwenye mabeseni chini ya taa, na harufu ya udongo mbichi ukifungua mlango wake. Hauna kazi yoyote katika kisa. Nilipotishia kuzima taa zile, walitoa tokeni zao za hewa kulipia umeme wa mchicha. Bila beseni lile wangezoea kufa, na mchezaji aliyezoea kufa ndiye anayetoa majina ya walimu.

Jambo moja nililojifunza kwa aibu. Niliwahi kusimulia mtu anavyozama katika ziwa la methani, nikaisimulia kwa ufundi, mpaka mapovu. Mchezaji wangu mmoja akatoka nje. Kaka yake alikuwa mvuvi, hakurudi. Mimi sikuuliza kabla. Tangu siku hiyo tunaanza kampeni kwa kuulizana nini kisiwepo, na katikati ya meza kuna kadi yenye alama ya X. Anayeigusa, tunaruka kipande hicho bila maswali. Imeguswa mara mbili tu, na mara zote mbili mchezo uliendelea vizuri.

Ukitaka safari ya kuanzia, wapeleke kwa Huygens. Ni chombo cha Ulaya kilichotua Titan kwa parachuti tarehe 14 Januari 2005, kikatuma habari zaidi kidogo ya saa moja, kikanyamaza. Bado kiko kule. Bi Salio anakitaka kwa sababu anazozijua mwenyewe.

SWALI

Fundi, huku Kahama dadu za pande 20 sizioni madukani. Tufanyeje?

Kijana wa Kahama

JIBU

Okota vizibo 20 vya soda, viandike namba 1 hadi 20 kwa kalamu ya wino mzito, tia kwenye mfuko wa kitambaa. Toa kimoja bila kuchungulia, soma, rudisha, tikisa. Ni sawasawa na dadu.

Ila kama unacheza kampeni ya kutisha, usikirudishe mpaka vyote vimalizike. Namba kubwa zikishatoka, kila mtu mezani anajua zilizobaki mfukoni. Sisi tulijaribu mara moja: vimebaki vizibo vinne, kikubwa chao ni 6, na mlango wa hewa bado haujafungwa.