Matone ya mvua kwenye majani: kabla hujanunua lenzi ya makro

Mkuu, umesema kamera yako ina ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, matone ya mvua yanatoka na ukungu, na sasa unajichanga ununue lenzi ya makro (ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana). Subiri kwanza. Mimi hupiga picha hizi huku Marangu wakati wa masika, na kwa ninavyoona, jani unalolichagua lina uzito kuliko lenzi.

Jani la maharage halikufai, maji yanatandaa tu juu yake. Nenda kwenye kabichi, au bora zaidi magimbi (nduma kwa ndugu zetu wa Kenya). Jani la gimbi lina vinundu vidogo mno vilivyopakwa nta, na tone linakalia ncha za vinundu hivyo huku chini yake pamebaki hewa. Inama ulitazame kwa ubavuni: tumbo lake linang'aa rangi ya fedha. Ile ni hewa inayorudisha mwanga. Lizamishe jani zima kwenye ndoo ya maji, utauona mng'ao uleule. Wajerumani wawili, Barthlott na Neinhuis, waliandika habari hii mwaka 1997 kwa kutumia yungiyungi wa aina ya lotus, ila gimbi lina tabia hiyohiyo na halihitaji bwawa.

Kero yake ni kwamba matone hayatulii. Upepo ukipita kidogo yanabingirika na kukusanyika katikati ya jani. Chomeka kijiti ardhini, kisha bana kikonyo cha jani kwa kibanio cha nguo. Fanya hivyo mvua ikiwa bado inanyesha, maana ukibana baada ya mvua utayamwaga yote. Ndiyo, utalowa.

Kama hutaki kulowa, amka mapema siku inayofuata. Udongo ukiwa umeshiba maji, gimbi lenyewe husukuma maji usiku kucha na kuyatoa kwenye ncha ya jani. Lile tone si la mvua wala si umande, na linaning'inia vizuri kweli.

Sasa huo ukungu. Ukikaribia kiasi kwamba tone la mm 4 linaangukia kwenye sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha) likiwa na mm 4 vilevile, ukafungua lenzi f/8 (namba ya tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linapungua), sehemu iliyo kwenye fokasi, yaani inayotoka kali, ina kina kisichofika hata mm 1. Ukipumua, umeshaipoteza. Zima fokasi ya kujiendesha, acha pete ya fokasi ilipo, halafu sogeza mwili wako mzima mbele na nyuma taratibu huku ukipiga mfululizo. Nyingi utazifuta, ndivyo ilivyo.

Wengi mnataka lile tone lenye ua ndani yake. Ua linawekwa sentimita kadhaa nyuma ya tone linaloning'inia, nalo litaonekana limepinduka kichwa chini, kwa kuwa tone ni lenzi. Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba taswira ya ua haiko juu ya ngozi ya tone, iko mbele yake kidogo, upande wa kamera. Ukinasa ukingo wa tone, ua linafifia. Ukinasa ua, ukingo unafifia. Tafuta tone dogo, la mm 2 hivi, na ufunge lenzi mpaka f/16, hapo vyote viwili vinakaribia kuonekana. Mwanga utapungua sana, kwa hiyo piga wingu likiwa jepesi, au tumia flashi iliyofunikwa karatasi nyeupe. Kichujio cha polaraiza (kile kioo cha mbele ya lenzi cha kukata mng'ao) kiache nyumbani, kinaweza kuua kimeto.

Na hela yako? Nunua pete za kurefusha, zile zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Hazina kioo ndani na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na makro. Ila hakikisha zina pini za umeme. Zisizo na pini, kamera nyingi haziwezi kuongoza tundu la lenzi kama hiyo 18-55 yako, na hiyo f/16 niliyokutajia hutaweza kuichagua.