Maswali ya wasomaji: taa iko kijani lakini imeili hazipo

SWALI
Habari ya kazi. Mimi ni IT wa kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Industrial Area, tuko watu kama themanini, tuna seva yetu ya imeili ya Postfix na kando yake seva ya akaivu inayoweka nakala ya kila imeili inayoingia na kutoka. Juzi mhasibu aliniomba nimtolee imeili ya sapulaya wa Mombasa ya mwezi jana, nikatafuta wee mpaka nikachoka, haipo, na si hiyo peke yake, kuna karibu wiki nzima haina kitu! Na kila asubuhi nikiingia dashibodi taa ni ya kijani. Sasa nitajuaje kama hii kitu inafanya kazi? Bosi bado hajajua.
IT mwenye presha

JIBU
Pole sana ndugu yangu. Hiyo taa kwa mifumo mingi inakwambia tu programu imewaka na databesi inaitikia, haisemi kama kuna meseji imeingia leo. Ni soja amekaa getini macho kodo na magari yote yanapitia geti ya nyuma.

Nadhani najua kilichotokea. Nakala zikienda akaivu kwa always_bcc, ile seting ya Postfix ya kutuma nakala ya kila imeili kwa anwani moja, halafu akaivu ikatae kupokea, labda diski imejaa, ama stima ilipotea na servisi ya kupokea haikuamka, ama kuna mtu amegusa faiawoli, Postfix haizitupi hapo hapo. Inaziweka foleni na kujaribu tena na tena kwa siku 5, hiyo ndiyo difolti, zikiisha inaachana nazo. Na tangu toleo la 2.3 aliyetuma imeili haambiwi chochote kuhusu hiyo nakala, ndio maana hakuna mtu ofisini alilalamika, imeili zenyewe zilifika kwa wenyewe kama kawaida. Fungua logi za hiyo wiki utafute anwani ya akaivu, ukikuta status=deferred (imeahirishwa) nyingi na mwishowe, kwa namba ile ile ya meseji, status=expired (muda umeisha) basi ni hivyo.

Kwa hivyo anzia kwa seva ya imeili kabla ya akaivu. Piga mailq, komandi ya kuonyesha foleni, uangalie zinazosubiri kwenda akaivu, mbili tatu si neno, lakini zikizidi kupanda kila ukiangalia jua siku 5 zimeanza kuhesabika. Halafu angalia meseji ya mwisho iliingia akaivu saa ngapi. Ofisi ya watu themanini, Jumatatu saa nne asubuhi, nusu saa bila hata imeili moja? Hapo kuna shida. Lakini alati ya hivyo iweke masaa ya kazi tu, ikikuamsha Jumapili usiku utaizima na hutaiwasha tena, nawajua watu wa IT.

Mimi ninayoiamini kuliko zote ni imeili ya majaribio. Kila asubuhi tuma moja kutoka ofisini kwenda Gmail yako na nyingine kutoka Gmail kuja ofisini, weka neno halipatikani kwingine, mfano kiboko na tarehe ya leo, na kiambatisho kidogo, baadaye litafute hilo neno ndani ya akaivu na ufungue hicho kiambatisho. Ikifunguka, kupokea, kuhifadhi na indeksi, yaani orodha ya kutafutia, zote ziko sawa kwa mpigo mmoja. Indeksi ndio watu husahau, meseji inaweza kuwa salama kabisa kwa diski lakini indeksi imekwama na ukitafuta hupati kitu, so angalia hapo kabla hujatangaza imepotea. Hii yote unaweza kuandikia skripti. Ila alati ije kwa SMS ama Telegram, isipitie imeili ile ile unayoichunga!

Hiyo wiki usiiache hivyo. Imeili ambazo watu hawajafuta bado ziko kwa meilboksi zao, na mifumo mingi ya akaivu ina njia ya kuziingiza bila kurudia zilizopo, anza na ya mhasibu. Zilizofutwa tafuta kwa bekapu. Na bosi mwambie wewe mwenyewe leo, Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya 2015 inataka rekodi za kodi ziwekwe miaka 5, na KRA, watu wa kodi, wakija watamuuliza yeye.

SWALI
Akaivu yangu kila saa inaonyesha meseji ya mwisho iliingia masaa matatu nyuma, lakini nikitafuta za sasa hivi nazipata. Nizime niwashe?
Admini, Ngara

JIBU
Usizime. Tofauti ya masaa 3 kamili isiyobadilika ni UTC hiyo, saa ya kimataifa, sisi Nairobi tuko mbele masaa 3. Badilisha taimzoni ya kuonyesha kwa seting, saa ya seva yenyewe iachie NTP, ile inayosawazisha saa kupitia mtandao. Ukiisogeza kwa mkono meseji mpya zitaandikwa muda wa uongo, na siku wakili atataka kujua invoisi iliingia saa ngapi, kazi ya kueleza itakuwa yako.