Kwa anayeshtuka saa tisa usiku tangu aachwe: niliyoyapitia na kilichonirudishia usingizi

Ndugu uliyefungua uzi huu, umeeleza kwamba hii ni wiki ya sita tangu mchumba wako wa miaka minne akuache, kwamba siku hizi unapanda kitandani saa tatu usiku ili kufidia usingizi uliopotea, unashtuka saa tisa macho yakiwa makavu, na kuanzia hapo unabaki kuhesabu dakika mpaka kunapambazuka. Umeuliza mambo mawili: kama uanze kumeza vidonge vya usingizi, na kama ubadilishe kitanda. Wengi walionitangulia kukujibu wamesema uvumilie, muda utaponya. Sitaki kuwabishia, ila nami niliambiwa hivyo hivyo nilipotengana na mwenzangu baada ya miaka saba, nikaungoja muda huo kwa utiifu kwa miezi mitano, na nilichokiona ni kwamba muda uliitibu huzuni, usingizi ukaachwa vilevile ulivyokuwa.

Mwezi wa kwanza sikushangaa kukosa usingizi, kwani nani hulala vizuri akiwa na jeraha bichi? Lakini kufikia mwezi wa tano niliweza kulisikia jina lake likitajwa bila koo kunikaba, nilikuwa nimerudia kucheka na watu, na bado ikifika saa tisa usiku nilikuwa macho kama mlinzi wa zamu. Usiku mmoja nilijiuliza nilikuwa nikiwaza nini pale nilipozinduka, na jibu la kweli lilikuwa kwamba sikuwa nikimwaza yeye hata kidogo. Nilikuwa nikiuwaza usingizi: nimebakiza saa ngapi, kesho nitafanyaje kazi, kwa nini mwili wangu umenigeuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa na maradhi mawili, na moja lilikuwa limekwisha kupona bila mimi kutambua.

Baadaye niligundua kwamba jambo hili lina maelezo yake ya kitaalamu. Mtafiti Mmarekani Arthur Spielman, katika miaka ya 1980, alitofautisha sababu za kukosa usingizi kwa makundi matatu: kuna zinazomweka mtu katika hatari tangu mwanzo, kwa mfano kuwa na usingizi mwepesi kwa asili, kuna zinazoanzisha, kama msiba au kuachwa, na kuna zinazoendeleza, ambazo kwa sehemu kubwa ni mambo tunayoyafanya wenyewe tukijaribu kujinusuru. Nilipoyasoma maelezo hayo niliona haya kidogo, kwa sababu orodha ya yale yanayoendeleza ilikuwa ratiba yangu ya kila siku. Nilikuwa nalala mapema kupita kiasi, najilaza kila Jumamosi mchana, nabaki kitandani hadi jua likiwa juu kila nilipopata nafasi, na nakunywa kahawa ya tatu alasiri ili nisisinzie kazini, ilhali kafeini huchukua takriban saa tano au sita mwili upunguze nusu yake tu. Kwa wiki kadhaa nilijaribu pombe pia. Ni kweli inaleta usingizi haraka, lakini kadiri mwili unavyoiondoa ndivyo nusu ya pili ya usiku inavyokatikakatika, yaani ilinisukuma kwenye saa ile ile ya tisa niliyokuwa naikimbia.

Kuhusu saa hiyo ya tisa, usiipe maana kubwa. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba naamka wakati huo kwa sababu ndio wakati ambao yeye naye yuko macho akinikumbuka, na kama nawe umefikia hapo usijione mjinga. Usingizi mzito huja zaidi katika theluthi ya kwanza ya usiku. Baada ya hapo hamu ya mwili ya kulala inakuwa imetoshelezwa kwa sehemu kubwa, usingizi unakuwa mwepesi na wenye ndoto nyingi zaidi, na kuelekea alfajiri mwili huanza kupandisha homoni ya kotizoli kujiandaa kuamka. Watu wote huzinduka kidogo mara kadhaa kwa usiku, kisha hugeuka na kulala tena bila kukumbuka. Mtu mwenye kidonda hukuta kidonda kikimngoja, na akishakikuta mara ishirini, mwili unajifunza kukifuata wenyewe. Isitoshe, ukipanda kitandani saa tatu, ifikapo saa tisa umekwisha kuwa kitandani saa sita nzima. Kwako saa tisa huenda ni alfajiri.

Sasa niseme nilichofanya. Hatua ya kwanza ndiyo niliyoipinga kuliko zote, nayo ni kutoka kitandani. Kanuni hii imekuwepo tangu mwaka 1972, ilipoelezwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin: kitanda kiwe cha kulala, si cha kuwazia, kusomea wala kulilia, ukikaa kwa muda unaoukadiria kuwa robo saa hivi bila usingizi, unainuka, unakwenda kwingine, na hurudi mpaka usinzie. Niliona ni ukatili kumtoa mtu aliyechoka chini ya shuka lake. Lakini kitanda changu kilikuwa kimegeuka chumba cha kungojea. Nililala upande wangu wa kulia, upande wa kushoto nikauacha wazi na mto wake umewekwa sawasawa, na simu ilikuwa chini ya mto wangu, uso chini, nikiiinua kila nikizinduka kutazama mwenzangu alionekana hewani lini. Nikikuta alikuwepo saa saba na dakika arobaini, nilikuwa nimepata kazi ya kufanya mpaka kukuche: saa saba na dakika arobaini alikuwa akizungumza na nani?

Niliweka kiti kimoja kigumu kwenye korido, na taa yenye mwanga hafifu, na kitu cha kusoma ambacho hakingenivutia. Kitu hicho kilikuwa kijitabu cha maelekezo ya pasi. Nimekisoma mara nyingi kiasi kwamba naweza kukueleza, kwa mpangilio, mambo yote ambayo hupaswi kuyafanya na pasi ile, kuanzia kuizamisha majini. Msicheke, riwaya nzuri ingenikesha na simu ingenimaliza, lakini ukurasa wa nne wa kijitabu kile sikuwahi kuuvuka bila kichwa kuanguka kifuani. Kichwa kikianguka, narudi kitandani. Usiku wa kwanza nilikwenda kwenye kiti mara nne. Simu ilihamia jikoni, na kwa ajili ya kuniamsha nikanunua saa ya mezani, ambayo niliigeuza ielekee ukutani ili nisiione usiku.

Hatua ya pili ndiyo iliyobadilisha mambo, na ndiyo inayotaka tahadhari. Kwa majuma mawili niliandika kila asubuhi saa niliyopanda kitandani, saa niliyoinuka, na makadirio ya muda niliolala. Nilikuwa nakaa kitandani kwa muda wa saa tisa na nusu, nalala kwa muda wa saa tano na nusu tu. Saa nne nzima kila usiku zilikuwa za kujigeuzageuza. Basi nikaubana muda wa kitanda ulingane na usingizi wenyewe: nilipanda saa sita na nusu usiku na kuinuka saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, Jumapili ikiwemo, hata nilipohisi sikupata lepe la usingizi. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, sitakudanganya. Nilisinzia nimesimama, nikawa mkali kwa watu wasio na hatia. Lakini usiku wa tisa nilizinduka, nikatega sikio kusubiri mawazo yaje kama kawaida yao, na kilichofuata ni kengele ya asubuhi. Baada ya hapo, kila nilipoona kwamba sehemu kubwa ya muda wa kitandani imekuwa usingizi wa kweli, nilijiongezea dakika kumi na tano, mpaka nikafika muda wa saa saba kitandani.

Muda huo haubanwi chini ya saa tano. Na kama kazi yako ni kuendesha gari au mitambo, au una kifafa, au uliwahi kuugua ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, usijaribu hatua hii bila daktari, kwa kuwa kupunguza usingizi kunaweza kuyachochea maradhi hayo au kukusababishia ajali.

Mawazo yenyewe nilihangaika nayo kwa muda mrefu kwa kuyafukuza, na wazo linalofukuzwa hurudi na wenzake. Kilichosaidia ni kuyapa nafasi yao mapema. Saa kumi na mbili jioni niliketi mezani na daftari kwa dakika ishirini nikaandika kila lililonikera: aliyoyasema, niliyopaswa kuyajibu, nani arudishiwe nini. Yakija usiku niliyaambia kimoyomoyo kwamba yamekwisha kuandikwa. Kuna usiku yalikubali na usiku mwingine hayakukubali, kwa hiyo sitaisifu njia hii kupita kiasi, lakini daftari lilinionyesha jambo ambalo kichwa hakikuweza: kurasa za juma la tatu na za juma la nane zilikuwa karibu neno kwa neno, nikachoka kuyaandika kabla sijachoka kuyawaza.

Vidonge. Nilivitumia usiku kumi na moja kwa ushauri wa daktari, na sijutii, kwa sababu vilinipa nguvu ya kuanza hayo mengine. Lakini aliniandikia kwa muda mfupi, na alinieleza sababu: kuna aina ambazo mwili huzizoea, dozi ile ile ikawa haitoshi, na ukiziacha ghafla usingizi hukatika vibaya kuliko mwanzo. Usinunue kienyeji, usipokee vya rafiki, na usichanganye na pombe hata tone, kwa maana mchanganyiko huo unaweza kudhoofisha upumuaji. Tangu mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kinapendekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze kwa tiba ya fikra na tabia, ndipo dawa zifikiriwe. Hatua nilizozieleza zimo ndani ya tiba hiyo, na ukimpata mtaalamu wa kukuongoza utaifanya vizuri kuliko nilivyoifanya mimi na kijitabu changu cha pasi.

Tatizo huhesabiwa kuwa sugu likitokea angalau usiku mitatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, kwa hiyo wewe bado hujafika huko, na ndiyo maana nimeandika kwa urefu. Lakini hesabu hiyo haikuhusu ikiwa umeanza kuwaza kwamba ni heri usiwepo. Hapo usisubiri asubuhi. Mwamshe mtu unayemwamini usiku huo huo, au nenda hospitali.

Umeuliza kuhusu kitanda. Mimi sikubadilisha, sikuwa na fedha za kubadilisha. Nilihamisha mto wake kabatini na kuanza kulala katikati. Usiku ule wa kwanza nilijikuta nimerudi upande wangu wa kulia, ukingoni kabisa, na ilinichukua karibu mwezi mmoja mwili kukubali kwamba katikati pana nafasi. Kwa leo, anza na moja tu: usipande saa tatu. Kaa sebuleni mpaka saa tano, simu uiache huko huko, na kesho uinuke saa ile ile utakayoinuka keshokutwa, hata kama utakuwa umeonja usingizi kidogo. Ukishaandika kumbukumbu za wiki mbili, ziweke hapa tuzitazame pamoja.